Mwalimu Hasemewi

Jumatatu asubuhi, duka la fotokopi lililo chini ya Chuo cha Lugha huwa halina pa kukanyaga. Wanaotafuta kazi wamekumbatia vyeti vyao, makarani wa mawakili wamebeba mafaili, mama mmoja anataka picha ya pasipoti na mtoto wake anataka kulala, na mwenye duka anahangaika na mashine mbili, moja nzima na moja yenye kikohozi. Mapenzi yaliamua kupita hapo siku hiyo, na hayakumwomba mtu njia.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa katikati ya foleni. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa sawasawa, kitambaa cheupe shingoni na viatu vya kisigino kifupi, na alisimama kama mtu anayejua anakokwenda. Chuo kizima kilimwita Ticha. Mkononi alishika zoezi la darasa lake la jioni, na kama kawaida yake alikuwa akilisoma kwa sauti ya chini kabla halijaingia mashineni.

"By the time the guests arrive, we..." alisoma, akavuta pumzi.

"Will have cooked," sauti ya kiume ikamalizia nyuma yake.

Ticha akageuka taratibu. Alimwona kijana mrefu mwenye suti ya kijivu, tai ya zambarau na beji ya mkutano kifuani. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake na kumrudishia.

"Nani amekuuliza?"

"Samahani, dada. Uliiacha sentensi inaning'inia. Mimi sentensi ikining'inia silali."

"Haikuning'inia. Nilikuwa napumua."

"Basi hongera, unapumua vizuri."

Ticha alikaza uso, lakini mdomo ukamsaliti akacheka. "Wewe ni nani hata udandie maneno ya watu?"

"Mkalimani. Mgeni akianza kusema, na mimi nimeanza. Nikimsubiri amalize, nimechelewa. Kwa hiyo kudandia ndiyo kazi yangu, na wananilipa."

"Kumbe kasuku!"

"Kasuku mwenye tai, dada yangu. Tuheshimiane."

Foleni nzima ikacheka, hata mwenye duka. Jina likamganda papo hapo. Walipotoka dukani, Kasuku alikuwa na namba ya simu ya Ticha, na Ticha alikuwa amesahau chenji yake.

Simu zikaanza. Kasuku alikuwa akipiga kila akipata mapumziko, angali na joto la kile kibanda cha vioo ambamo wakalimani hufungiwa na vipaza sauti vyao.

"Kipenzi, leo waziri mmoja amesema sentensi ndefu mpaka nikaanza kuzeeka ndani yake."

"Ukamalizia?"

"Nilimaliza kabla yake! Na yeye akamaliza nilivyosema."

"Muongo mkubwa wewe."

"Muongo wako. Umekula?"

"Sijala. Niko na ule wakati ujao timilifu. Wanafunzi wanauogopa utafikiri unauma."

"Hata mimi unanitoa jasho. Mgeni akianza na 'will have', najua kuna safari."

"Ndiyo maana nataka nikufundishe na wewe," Ticha alisema, na sauti yake ikapanda kwa fahari aliyokuwa nayo kila alipozungumzia kazi. "Watu wanadhani ni wakati wa ajabu, kumbe wanautumia kila siku kudanganyana. Mtu yuko kitandani, hata uso hajanawa, anapigiwa simu anasema, 'Wewe ukifika hapo, mimi nitakuwa nimeshafika zamani.' Si ndiyo huo huo? Unakwenda kusimama kwenye kesho, halafu unageuka nyuma kuitazama kazi ambayo imeshakwisha."

Kasuku aliinakili sentensi ile nyuma ya ratiba ya mkutano. Moyoni alijisemea kwamba mwanamke huyu akimwacha ampite, atakuwa mjinga wa mwisho. Na alikuwa sahihi kabisa, nami namuunga mkono.

Sasa lazima nieleze Ticha alikuwa akitafuta nini. Darasa la ngazi ya juu pale chuoni lilikuwa likifundishwa na watu waliosomea mbali. Ticha alijifunza Kiingereza chake humo humo, kwenye madawati ya jioni, mchana akiwa keshia wa duka la dawa. Alipanda ngazi moja moja hadi akawa mwalimu. Sasa aliomba apewe darasa la juu, apande pamoja na wanafunzi wake. Mwenye chuo hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita mkaguzi, akampangia Ticha somo lile lile linaloogopwa, wakati ujao timilifu. Akifaulu, darasa ni lake. Akishindwa, wanafunzi wake watapelekwa kwa mwingine.

Ticha alimwalika Kasuku aje akae nyuma ya darasa. Alitaka amwone akiwa kazini, na mtu anayejua kitu vizuri hupenda kutazamwa na ampendaye. Lakini kuna jambo hakumwambia, kwa kuwa halikumjia akilini kabisa. Katika kila somo, Ticha alikuwa na desturi ya kuandika kosa moja ubaoni kwa makusudi. Halafu anaweka chaki chini, anakunja mikono, ananyamaza. Hasaidii, hakonyezi, anangoja hadi mwanafunzi alione mwenyewe na kusimama kulisahihisha. Wanafunzi walikipenda kimya kile kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo. Aliyelinasa kosa alitembea kifua mbele hadi siku ya pili.

Siku ya ukaguzi, jua la jioni lilikuwa bado madirishani. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na miwani ya mnyororo, alikaa pembeni na kalamu yake. Mbele walikaa muuza nguo aliyeitwa Mama Mitumba, dereva wa lori, muuguzi, mlinzi wa benki ambaye alikuwa hajawahi kufungua mdomo darasani, na wenzao. Kasuku alikaa nyuma kabisa, tai ya zambarau imenyooka, moyo unamdunda utafikiri anayekaguliwa ni yeye.

Ticha alichora mstari sakafuni kwa chaki. Huku leo, kule kesho. Akamwita Mama Mitumba asimame kwenye kesho.

"Mama, hapo ni saa kumi na mbili jioni ya kesho. Geuka utazame nyuma. Umefanya nini?"

"Nimefunga duka, Ticha! Nimeuza koti lile la kijani, na mume wangu ameshapiga simu mara tatu."

Darasa likacheka. Hata mkaguzi alitingisha kichwa kidogo. Kisha Ticha akageukia ubao, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "By six o'clock, I will closed the shop." Akaweka chaki chini. Akakunja mikono. Akanyamaza.

Kasuku aliona neno moja limekosekana katikati. Akangoja Ticha alione. Ticha hakugeuka. Akamtazama mkaguzi, akaona kalamu inaandika. Akatazama wanafunzi, wamekodoa macho. Kimya kikazidi, jasho likamtoka Kasuku mgongoni. Kwenye kibanda chake, kimya cha namna hiyo kina maana moja tu: mtu amekwama na dunia nzima inasikiliza. Aliyekwama leo ni kipenzi chake.

Akasimama.

"Have!" alisema kwa sauti yake nzuri ya mkutanoni. "Mwalimu alikusudia 'will have closed'. Samahani, mheshimiwa mkaguzi, amechoka tu. Amehangaika sana na hili somo."

"Ah, bwana wee!" dereva wa lori akapiga dawati.

"Nilikuwa nimeshaliona!" Mama Mitumba akalalamika. "Lilikuwa hapa ulimini, mtu ananinyang'anya!"

Ticha alimtazama Kasuku mara moja tu, akachukua chaki, akaendelea na somo hadi mwisho, mgongo wima. Sijui wangapi kati yetu tungeweza. Darasa lilipotoka, mkaguzi alifunga faili lake akasema kwa upole, "Mwalimu aliyesahihishwa na mgeni wake, halafu akaombewa radhi, siwezi kumpa ngazi ya juu. Pole sana."

Ngazi za chuo zilisikia mengi jioni ile.

"Nilikuwa nakuokoa!" Kasuku alisema akimkimbilia.

"Na nini?"

"Na kile kimya! Ulikuwa umekwama!"

"Sikukwama! Kimya kile kilikuwa changu. Lile kosa nililiandika makusudi. Darasa zima lilijua isipokuwa wewe."

Kasuku akashika reli ya ngazi. "Makusudi?"

"Halafu ukanisemea kwamba nimechoka. Nani alikwambia nimechoka?"

"Mungu wangu. Mpenzi, nisamehe. Naenda sasa hivi kwa mkaguzi nimweleze..."

"Unaona?" Sauti ya Ticha ikakatika, machozi yakamjia kwa hasira. "Hata sasa hivi! Bado unataka kwenda kunisemea! Mimi nilikaa madawati yale ili siku moja nisimame niseme mwenyewe, wewe umekuja kunirudisha nyuma. Usinipigie tena."

Akashuka. Gauni lake la bluu ya bahari likapotea kwenye geti, na Kasuku akabaki na tai yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki haikuisha, Ticha alibisha mlango wa ofisi ya mkaguzi, peke yake, bila barua ya mtu wala mtetezi.

"Mama, nimekuja kuomba nifundishe tena. Lile kosa lilikuwa mtego wa darasa. Ndivyo ninavyofundisha."

Mkaguzi alishusha miwani. "Mwanangu, kila mwalimu akikosea mbele yangu husema ni mtego."

"Ndiyo maana sikuombi uniamini. Nakuomba uone."

Mama yule alivuta kalenda ya mezani. Watu wa kazi yake hawapendi kuombwa, lakini huyu hakuwa akiomba kwa kujikunja. "Sawa. Somo lile lile. Walimu wote wa chuo watakuwepo. Na yule bwana wa tai ya zambarau naye awepo, akae pale pale. Nataka nione kama darasa lako linasimama bila yeye."

Shughuli ikawa hapo. Ticha alizunguka chumba chake simu mkononi, akaiweka, akaichukua. Kiburi kilimwambia amtumie ujumbe tu. Moyo ukamwambia apige. Akapiga.

"Haloo?" Kasuku alipokea kabla haijaita vizuri.

"Sikupigii kwa mapenzi. Nakupigia kikazi."

"Nashukuru hata kwa kikazi."

"Kuna kazi darasani kwangu, Alhamisi jioni."

"Ya kufanya nini?"

"Kunyamaza."

Kasuku akavuta pumzi. "Ticha, hiyo kazi sijawahi kuifanya maishani."

"Najua. Utaiweza?"

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa, sina darasa. Na wewe huna mimi, hata wa kugombana naye."

"Nitakuja," alisema. Akataka kuongeza neno, akaliacha. Ticha alilisikia lile neno ambalo hakulisema, akakata simu haraka asije akalainika.

Alhamisi, darasa lilijaa hadi walimu wengine wakakaa madirishani. Mwenye chuo alikuwepo, mikono mfukoni. Ticha alivaa suti nyeusi na blauzi nyekundu ya hariri, nywele amezibana nyuma, na alipoingia alisema "Good evening" kwa namna ambayo watu wazima walisimama bila kuambiwa. Kasuku alikuwa pale pale nyuma. Hakusalimia. Aliinamisha kichwa tu.

Somo likaenda. Dereva wa lori alisimama kwenye kesho akaeleza miji ambayo atakuwa ameshaipita. Muuguzi alihesabu wagonjwa ambao watakuwa wamesharuhusiwa kurudi nyumbani. Kisha Ticha akageukia ubao, akaandika: "By next year, we will have learn this language." Chaki chini. Mikono ikakunjwa.

Kimya kikaingia.

Kasuku aliona kosa kabla chaki haijatua. Neno lilimpanda kooni. Akashika kingo za kiti. Mama Mitumba alikuna kichwa, dereva akasoma tena akisogeza midomo. Hakuna aliyesimama. Mwenye chuo akatazama saa yake. Mwalimu mmoja dirishani akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akatabasamu tabasamu baya. Kalamu ya mkaguzi ikaelekea kwenye karatasi. Kasuku akaikamata ncha ya tai yake, akaitia mdomoni, akaiuma. Macho yalimtoka machozi, lakini alikuwa akimtazama Ticha, na kwa mara ya kwanza akamwona vizuri. Hakuwa amekwama hata chembe. Alikuwa akiwatazama wanafunzi wake kwa imani ambayo Kasuku hakuwahi kumpa mtu yeyote. Aliwangoja kwa sababu alijua wanaweza.

Kiti kikakwaruza sakafu. Aliyesimama ni mlinzi wa benki.

"Teacher," alisema, sauti ikitetemeka. "Learned. We will have learned."

Darasa lote likageuka. Ticha hakusogea. "Why?"

Mlinzi akatoka kwenye dawati lake, akatembea na buti zake nzito hadi kwenye mstari wa chaki, akasimama upande wa kesho na kugeuka nyuma. "Because I am here," alisema polepole, kila neno akiliweka mahali pake, "and I look back, and the work is finished."

Makofi yalipasuka hadi duka la fotokopi chini likasikia. Mama Mitumba alimkumbatia mlinzi na kofia yake. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, na hakuwa na haraka ya kuivaa tena.

"Nimekagua walimu wengi," aliwaambia waliokuwa madirishani, "na wengi wanakiogopa kimya. Huyu amekifuga." Akamgeukia mwenye chuo. "Darasa la juu ni lake. Na hawa wapande naye."

Ticha aliposhikwa mikono na kila mtu, kichwa chake kilikuwa juu na mashavu yamelowa. Alitoka darasani akamkuta Kasuku amesimama karibu na dirisha, tai imekunjamana.

"Sema basi," Ticha alimwambia.

"Nimeruhusiwa?"

"Kwa muda mfupi."

"Nimejivuna mpaka nimeshindwa kupumua. Nilitaka kuwaambia watu wote huyu ni wangu. Halafu nikaona wewe si wangu. Wewe ni wako, mimi nilikuwa na bahati ya kukaa nyuma."

Ticha alitazama pembeni, asionyeshe. "Kwa nini siku ile ulisimama?"

Kasuku alinyoosha tai kwa vidole. "Mama yangu alihamia mjini hajui lugha ya huku. Kwenye kila kaunta nilimsemea mimi, hospitali, sokoni, shuleni kwangu. Nikakua nikijua kumpenda mtu ndiyo kumsemea. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna nyingine."

"Mimi nina ulimi wangu."

"Nimeuona leo ulivyo, hata ukiwa umeulaza." Akasita. "Nifundishe, Ticha. Mimi ni mzito, lakini naelewa nikirudiwa."

"Mzito kweli," Ticha alisema, akamshika mkono mbele ya wanafunzi wote, na dereva wa lori akapiga mluzi.

Mvua zilipoisha, Kasuku alivaa suti yake nzuri kuliko zote akaenda nyumbani kwa kina Ticha, akifuatana na mjomba wake. Baba yake Ticha alikuwa seremala mstaafu, mtu wa maneno machache, na viti vya sebule ile vyote vilitoka mikononi mwake. Chai iliandaliwa. Shangazi alikaa karibu na mlango asipitwe na neno. Ticha alivaa gauni jeupe lenye maua madogo ya zambarau, akakaa kando ya mama yake, na tangu salamu hakuwa ametamka lolote.

Mjomba alizungumza vizuri. Alisifu familia zote mbili, akaeleza nia ya kijana wake. Mzee alisikiliza, akaweka kikombe mezani.

"Kijana, naambiwa wewe ni mkalimani hodari. Watu wakubwa wanakutegemea."

"Najitahidi, mzee."

"Basi nitafsirie. Binti yangu amekaa kimya tangu mlipoingia. Mimi sasa masikio ni mazito. Huyu anasemaje? Amekubali?"

Mjomba akatabasamu. Swali lilikuwa jepesi, na jibu alilijua kila aliyekuwemo. Shangazi alishaanza kuvuta pumzi ya kupiga vigelegele. Mdomo wa Kasuku ulifunguka kwa mazoea.

Ukafungwa.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Hilo siwezi kukutafsiria. Mwenyewe yupo. Muulize."

Mzee akamgeukia binti yake, na sebule yote ikageuka naye. Ticha hakujibu mara moja. Alikaa, mikono ameikunja, macho kwa Kasuku. Mjomba akakohoa. Mama yake akamfinya kidogo ubavuni. Kasuku alikuwa amelowa shingo nzima, lakini hakusogeza hata ulimi, alikaa akingoja kama mtu aliye tayari kungoja miaka.

Ndipo Ticha akasimama.

"Baba, nimekubali. Nampenda. Nimemchagua mwenyewe, na nimeona vyema niseme mwenyewe."

Mzee hakutabasamu haraka, haikuwa tabia yake. Miaka yote alimwita mwanangu, alimwita binti, na siku akiudhika alimwita wewe. Alijiinua kwa kushikilia mikono ya kiti aliyoichonga mwenyewe, akasimama mbele ya binti yake kama wanavyosimama wanafunzi.

"Nimesikia, Mwalimu," alisema.